Ng'ombe Waliokufa Hawamo Kwenye Pato la Taifa

Mafuriko yakibomoa daraja, kabla ya saa nne asubuhi kila simu ina picha yake. Ukame haupigiki picha hivyo. Unakuja kidogo kidogo: mvua za vuli zinakataa, za masika nazo zinapita juujuu, na siku unapogundua uko ndani, tayari umeshakula mtaji.

Sisi tunaohesabu hasara za majanga hutenga mambo mawili. Uharibifu ni mali iliyoangamia: nyumba, barabara, ng'ombe. Hasara ni kipato ambacho hakikupatikana kwa sababu mali hiyo haipo au haizalishi, pamoja na gharama za ziada zilizozuka. Tathmini ya ukame wa Kenya wa 2008 hadi 2011 ilipata jumla ya takriban shilingi bilioni 969, sawa na dola bilioni 12.1. Uharibifu ulikuwa bilioni 64 hivi tu. Zaidi ya bilioni 900 zilikuwa maziwa yasiyokamuliwa, mazao yasiyovunwa, dawa na lishe za kuokoa mifugo iliyobaki. Sekta ya mifugo peke yake ilibeba karibu bilioni 700. Tathmini hiyo ilikadiria kwamba ukame ulipunguza ukuaji wa uchumi kwa wastani wa asilimia 2.8 kwa mwaka. (Makadirio kama haya mimi huyashika kwa vidole viwili: 2008 ilianza na ghasia za baada ya uchaguzi, kisha msukosuko wa fedha duniani ukafuata.)

Sasa kuna kitu kinachoniudhi katika fani yangu. Pato la Taifa hupima kinachozalishwa, halipimi kilichopotea ghalani. Mfugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, akipoteza ng'ombe 40, vifo hivyo havikatwi popote kwenye pato hilo. Lakini lori likipeleka maji kijijini kwake, safari ile inaongezwa!

Pigo lenyewe huonekana baadaye, na mahali usipotazama. Mwaka 2009 bwawa la Masinga lilikauka kiasi cha kufungwa mitambo yake, na Agosti mgao wa umeme ukaanza. Fundi wa kuchomelea vyuma Nairobi, ambaye hajawahi kumiliki hata mbuzi, akakaa bila kazi kwa sababu ya mvua iliyokosa kunyesha kwenye chanzo cha mto Tana.

Kwa mfugaji, saa ndiyo kila kitu. Akiuza mapema, anapata bei. Akingoja, anauza mifupa, sokoni ambako kila mtu anauza mifupa. Mvua ikirudi hana mbegu ya kundi, na ndama jike wa kienyeji huchukua miaka kama 4 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Ndiyo maana wengi huanza upya na mbuzi.

Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 ilijifunza somo hilo kwa vitendo. Satelaiti husoma ukijani wa malisho, na ukipungua mno bima hulipa; hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Mwanzoni ililipa kufidia vifo. Baadaye ikabadilishwa ilipe mapema, mfugaji anunue nyasi na maji mnyama akiwa bado amesimama. Naiunga mkono, ingawa satelaiti haionji majani: mathenge nayo, mti vamizi unaomeza malisho, ukiitazama kutoka juu, ni kijani.