Zile dola 7,500 hazikuwa bahasha

Juzi barazani Malindi, kahawa chungu mkononi, mzee mmoja alishikilia kwamba Marekani ukinunua gari la umeme serikali inakutilia dola 7,500 mfukoni. "Mpwa wangu yuko Ohio, mimi ndiye mjuzi!"

Sivyo, mzee wangu. Ile ilikuwa nafuu ya kodi, yaani hupunguza kodi ya mapato unayodaiwa. Mpwa akidaiwa dola 3,000 mwaka ule, amefutiwa hizo 3,000 basi. Zile 4,500 zimepotea, hata mwaka unaofuata hawezi kuzidai. Mkanganyiko nadhani ulikolea 2024, mnunuzi aliporuhusiwa kumwachia muuzaji nafuu hiyo, bei ikashuka papo hapo, hata kama kodi yake ni ndogo. Asiye na ndoa mwenye kipato cha juu ya dola 150,000 hakupata (huyo angetununulia kahawa sote).

Tena mpango wenyewe umeshafungwa kwa magari yaliyonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025.

Kenya ilipita njia nyingine: mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10.

Mzee akachovya kaimati, akauliza, "Na tuktuk je?"