SourceForge, wenyewe wake, na faili lililomo kwenye flashi ya fundi

Ukipeleka kompyuta kwa fundi, Mlandege ya Unguja au Chake Chake ya Pemba, akutilie programu za bure kama VLC, 7-Zip au FileZilla, mara nyingi atazitoa kwenye flashi yake. Mafaili yale yameshushwa kutoka wapi, na mwaka gani? Aghalabu hapana anayeuliza. Historia ya tovuti moja ya kupakulia programu, SourceForge, yatosha kuonesha kwa nini suala hilo lina uzito.

SourceForge ilifunguliwa Novemba 1999 na VA Linux Systems, kampuni ya California iliyokuwa ikiuza kompyuta zenye mfumo wa Linux. Zama zile mwandishi wa programu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, aliyetaka kuigawa kazi yake ilimlazimu atafute seva, na programu ikipendwa, gharama za mawasiliano zilimwelemea. SourceForge ilimbebea mzigo huo bila malipo. Ilimpa pahala pa kuweka msimbo wa programu, pa kupokea taarifa za hitilafu, na juu ya yote seva za nakala, yaani mashine zenye mafaili yale yale, zilizotolewa na vyuo vikuu na mitandao ya kitaaluma, ikiwemo HEAnet ya Ireland. Mpaka leo ukibonyeza kitufe cha kupakua, unaelekezwa kwenye seva ya nakala ya namna hiyo. Kwa hiyo jina unaloliona juu ya ukurasa si lazima liwe ndilo la mashine inayokupa faili.

Siku hisa za VA Linux zilipoanza kuuzwa sokoni, tarehe 9 Disemba 1999, bei ilipanda kutoka dola 30 hadi dola 239.25 kabla ya jua kuchwa. Neema hiyo haikudumu. Mwaka 2001 kampuni iliacha kuuza kompyuta. Tovuti ilibaki, ikaendelea kuishi kwa matangazo, na Septemba 2012 ikauzwa kwa kampuni ya Dice Holdings pamoja na tovuti ndugu zake kwa dola milioni 20.

Mwenyewe mpya alitaka faida. Julai 2013 ukaanza mpango ulioitwa DevShare: mwandishi wa programu akikubali, faili lake la kusakinisha hufungwa ndani ya faili jengine la SourceForge. Mtumiaji akilifungua, kwanza huoneshwa programu nyengine asizoziomba, na asipozikataa, huingia mashineni. Mapato hugawanwa baina ya mwandishi na tovuti. FileZilla ilikubali. Watu wa GIMP, programu ya kuhariri picha, hawakuridhika na mpango huo wala na matangazo yenye vitufe vya uongo vya kupakulia, wakahama Novemba 2013.

Mei 2015 mambo yaliharibika zaidi. Akaunti ya zamani ya GIMP ya Windows ilionekana imo mikononi mwa wafanyakazi wa SourceForge, na faili lake limefungwa pamoja na matangazo. Jawabu la tovuti lilikuwa kwamba mradi ulitelekezwa. Kwa maoni yetu hilo halikuwa jawabu, kwani wenye GIMP walikuwapo na wakifanya kazi. Walichohama ni nyumba tu. Januari 2016 SourceForge ilinunuliwa na kampuni ya BIZX, na Februari mwenyewe huyo akaifuta DevShare.

Tovuti ilisafishwa, lakini faili lililoshushwa mwaka 2014 likanakiliwa flashi kwa flashi halikusafishwa na mtu.

Namna ya kulichunguza ni nyepesi. Katika Windows, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha kichupo cha Digital Signatures. Hapo litaonekana jina la aliyelitia sahihi. Ukikuta jina la kampuni usiyoijua wakati unasakinisha programu maarufu, simama. Kukosekana kwa kichupo si ushahidi wa ubaya peke yake, maana miradi midogo mingi hailipii cheti cha kutilia sahihi.

Kipimo cha pili ni heshi, alama inayokokotolewa kutokana na faili zima. Fungua Command Prompt ndani ya folda lenye faili, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.exe SHA256

Zitatoka herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zilizochapishwa na wenye programu kwa toleo lile lile. Kwenye Linux amri ni sha256sum, kwenye Mac ni shasum -a 256. Ikibadilika baiti moja tu ya faili, heshi nayo hugeuka. Wengi hapa huogopa kirusi moja kwa moja, kumbe sababu ya kawaida ni bando kukatika au umeme kuzimika faili likiwa njiani. Angalia ukubwa kwanza: likiwa na MB chache kuliko inavyotakiwa, lishushe upya. Kwa wget, programu ya kushushia mafaili kwa amri, kiambishi -c huendeleza pale lilipokatikia.

Vipimo hivi vina mipaka, nayo ni lazima isemwe. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, wakageuza kiungo cha kupakulia kiende kwenye nakala yenye mlango wa siri wa kumwingiza mvamizi mashineni. Anayeweza kubadilisha kiungo anaweza pia kubadilisha heshi iliyoandikwa ukurasa ule ule, kwa hiyo ni bora kuitazama pahala pa pili. Mwaka 2017 CCleaner 5.33, programu ya kusafishia kompyuta, ilitoka kwa wenyewe hasa, ikiwa na sahihi halali, na ndani mna kirusi, kwa sababu uvamizi ulifanyika kabla ya sahihi kutiwa. Kwa hali kama hiyo heshi haisaidii. Kinachosaidia ni kusasisha mapema taarifa ikitoka.

Kwa chumba cha kompyuta cha skuli, hakuna haja ya kila mashine kushusha nakala yake. Faili la MB 350 kwa kompyuta 20 ni GB 7 za bando. Mwalimu ashushe mara moja kutoka kwa wenye programu, apime heshi, aandike jina la toleo na tarehe kwenye folda, kisha anakili. Flashi ikirudi kutoka kwenye mashine ya mtu, heshi ipimwe tena kabla ya kusakinisha, na muhula mpya ukianza folda zima lifutwe na matoleo mapya yashushwe.