Jogoo peke yake hahifadhi kizazi

Nimeulizwa tena, safari hii na mfugaji wa upande wa Lira, hapa Uganda: "Daktari, kuku wetu wa kienyeji wanapotea, wanamezwa na kuku chotara wa Kuroiler. Kwa nini msigandishe shahawa za majogoo kama mnavyogandisha za ng'ombe, tukalala usingizi?" Nia yake ni njema. Kinachonichosha ni huko kumfananisha kuku na ng'ombe, kwa sababu nakusikia hata kwa wenzangu wenye vyeti.

Tena kuku ndiye aliyetangulia. Mwaka 1949 huko Uingereza, Polge, Smith na Parkes waligundua kwamba gliseroli inalinda mbegu zisife kwenye baridi kali, na mbegu walizokuwa nazo mezani zilikuwa za jogoo. Ng'ombe akaja baadaye, akampita mbali.

Fahali mmoja kwa mkupuo mmoja anatoa mililita 5 hivi, unapata mirija mamia ya kugandisha. Jogoo je? Msaidizi anamshika miguu, mimi nasugua mgongo kuelekea mkiani, naugeuza mkia, nabana pande mbili za tundu, linatoka tone jeupe zito: mililita 0.3, siku njema 0.5. Ukibana kupita kiasi linakuja na mkojo mweupe au kinyesi, na sampuli hiyo ni ya kumwaga. Tone lina mbegu bilioni moja au zaidi, lakini zikishagandishwa kila kuku jike anahitaji mamia ya milioni, tena urudie mara kwa mara. Unabaki na dozi chache za kuhesabu kwa vidole.

Sasa gliseroli, hapa ndipo watu wanapopotea. Kwa ng'ombe unayeyusha mrija, unapandisha, kazi imekwisha. Gliseroli inabaki humo na haina neno. Kwa kuku, kiasi kile kile kinachookoa mbegu ndani ya naitrojeni ya maji, yenye baridi kali, kinazuia mayai yasirutubike. Ziweke mbegu chini ya hadubini, utaziona zinaogelea vizuri. Mpandishie kuku jike kwa njia ya kawaida, subiri siku saba, mulika mayai kwa tochi: meupe matupu. Kuku jike ana vijifuko vidogo sana mwishoni mwa uke, ambamo mbegu hukaa hai wiki mbili hadi tatu zikisubiri yai baada ya yai. Gliseroli inavuruga mpango huo, na namna hasa inavyouvuruga bado tunabishana. Kwa hiyo lazima itolewe mpaka ibaki chini ya asilimia 2 hivi: unazimua kidogo kidogo kwenye baridi ya nyuzi 4 au 5, unazungusha kwenye mashine, unamwaga maji ya juu. Ukifanya haraka, maji yanaziingia mbegu kwa nguvu na kuzipasua. Kuna wanaotumia DMA, kemikali nyingine ya kulinda mbegu, kukwepa kazi hiyo, lakini DMA nayo ni sumu kwa mbegu zikikaa nayo kabla ya kuganda.

Na hata ukifuata kila hatua, majogoo wawili wa banda moja, siku moja, mkono mmoja, mmoja atakupa vifaranga na mwingine asikupe kitu. Hadubini haikwambii mapema ni yupi. Vitabu vinaandika wastani, ukidhani kila jogoo ni huo wastani.

Haya, tuseme yote yamefaulu. Kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, Z na W. Jogoo ana Z mbili. Shahawa zote duniani hazibebi W hata moja, wala hazirithishi mitokondria, vile vitengeneza-nguvu vya chembe ambavyo kifaranga hupata kwa mama. Shingo tupu ya kishingo, kuku wa kienyeji asiye na manyoya shingoni, itarudi, maana hiyo jogoo anaibeba. Lakini ukiwa umebaki na mtungi wa shahawa zilizogandishwa peke yake itabidi umpandishie jike wa aina nyingine, kisha binti zake, kisha wajukuu: damu ya kishingo inakuwa nusu, robo tatu, na kizazi cha tano unafika asilimia 97 hivi. W na mitokondria ni vya yule jike mgeni hadi mwisho. Yai lenyewe haligandiki likapona, kiini ni kikubwa mno. Njia inayobeba pande zote mbili ni kuchukua chembe za uzazi kutoka kwenye damu ya kiinitete cha siku mbili na nusu, za dume na za jike, ukagandisha hizo. Kwa kuku inafanya kazi. Kwa ndege wengine wengi bado ni mlima.

Kwa hiyo mnaponiambia tumfanyie hivyo hivyo korongo taji, ndege wa bendera yetu, aliye kwenye orodha ya walio hatarini tangu 2012, nasema mtungi ni akiba ya dharura. Anayemmaliza ni anayekausha kinamasi alimozoea kutagia, na anayemkamata kumuuza.

Naitaka benki ya shahawa, naipigania kila ninapopewa nafasi. Lakini yule wa Lira nilimwambia aanze na ugonjwa wa mdondo: chanjo ya tone jichoni kila baada ya miezi mitatu, na asiuze mitetea yake yote ya kishingo Krismasi. Jogoo nitamfuata mwenyewe kuchukua shahawa, mradi nikute majike bado yapo.