Ushabiki wa vyama ni nini, na unalifanyia nini taifa?

Ushabiki wa vyama ni hali ya mtu kushikamana na chama chake mpaka chama ndicho kinamwamulia lipi ni kweli na nani ni mwenzake. Usichanganywe na ushindani wa vyama. Vyama vikishindana kwa sera, mwananchi anapata pa kuchagua, na hilo ni jema. Ushabiki huanza pale sera ileile inaposifiwa ikitoka kwetu na kulaaniwa ikitoka kwao.

Binadamu ni mwepesi wa kuingia mtego huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule nchini Uingereza kwa vigezo visivyo na uzito wowote, kwa mfano eti wanapenda picha za mchoraji yupi. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha, waliwapendelea wa kundi lao, watu ambao hata hawakuwajua kwa majina. Sembuse chama chenye bendera, nyimbo na viongozi wanaohubiri kila siku kwamba wapinzani ni hatari!

Imani ya taifa kwa nafsi yake huathirika hapo. Kura za maoni za Marekani zilionyesha kwamba baada ya uchaguzi wa 2016, na tena wa 2020, wafuasi wa Republican na wa Democrat walibadilishana mitazamo kuhusu uchumi kabla rais mpya hajafanya lolote. Bei na mishahara ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani anaingia Ikulu. Basi kila uchaguzi, karibu nusu ya wananchi hukata tamaa na nchi yao, na hiyo ni hasara kubwa kuliko kiti chochote cha bunge.

Utambulisho nao haubaki salama. Jezi ya njano ya timu ya taifa ya Brazil iligeuka vazi la mikutano ya wafuasi wa Jair Bolsonaro, rais wa zamani wa nchi hiyo, na Wabrazili wengine wakaona haya kuivaa. Alama iliyokuwa ya wote ikawa ya upande mmoja.

Kinachopunguza makali, kwa maoni yangu, ni mwenendo wa anayeshindwa kuliko wa anayeshinda. Nchini Nigeria mwaka 2015, Rais Goodluck Jonathan alimpigia simu mpinzani wake aliyemshinda, Muhammadu Buhari, kumpongeza kabla matokeo hayajakamilika kutangazwa. Mfuasi aliyemwona kiongozi wake akikubali hivyo alikosa sababu ya kudai kwamba nchi imeporwa.