Hatua kumi za shamba la mikorosho

Minada ya korosho ikianza Oktoba na hela kuingia mifukoni, pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara-Mikindani mashamba huanza kukatwa vipande. Sisi watu wa mipango miji huitwa baadaye, nyumba zikiwa zimeshafika kwenye lenta.

Kwa hesabu ya mtaani, ekari ni hatua 70 kwa 70, na kiwanja kinachokwenda haraka ni 20 kwa 20. Vinatoka viwanja 9, zinabaki hatua 10 kila upande. Hizo 10 ndizo mji. Upande mmoja zigawe tano tano, upate njia mbili kati ya safu tatu za viwanja. Upande wa pili ziache zote kumi ziwe barabara ya kuziunganisha. Hatua tano ni kama mita nne na nusu: gari la majitaka linapita, bajaji ya mgonjwa inapita, mtaro wa maji ya mvua unapata pa kukaa.

Mwenye shamba akiziuza nazo, kiwanja cha katikati kinazibwa pande zote. Kitanunuliwa tu, kwa sababu ni cha bei poa, na anayekinunua ni yule mwenye kidogo. Choo chake kikijaa hakinyonywi. Anachimba kingine hatua chache kutoka kisimani. Mjamzito anabebwa mpaka barabarani. Hapo ndipo tofauti ya mwenye nacho na asiyenacho inapoanza, kabla hata ya tofali la kwanza.

Katikati ya mji tunatembea kwenye barabara pana tulizoachiwa na mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga, uliohitaji mji na bandari hapa, ulioanza 1947 ukafa 1951 (ingawa mtaa wa Shangani, penye upepo wa bahari, walijitengea wenyewe). Huko pembezoni hakuna atakayetuachia.

Kurasimisha baadaye, yaani kupima na kupanga nyumba zikiwa zimeshajengwa, kunawezekana, ila ni ugomvi: huyu avunje ukuta, yule choo, na kila mmoja anaona jirani ndiye asogee. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka mgawanyo wa shamba kuwa viwanja uidhinishwe kwanza, kwa hiyo njoo halmashauri na mchoro hata wa kalamu, kabla ya kupokea malipo.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hizo hatua kumi atanilipa nani?" Nikamwambia, wanunuzi wako, mzee. Waulize kiwanja chenye njia wanakinunua bei gani.