Maumivu ya mwili mzima na depresheni: maswali mnayoniuliza kila siku

Haya ni maswali ya wagonjwa wetu hapa Busia, upande wa Uganda. Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, sasa nayaandika. Najua wengine mtasoma nusu alafu mwende duka la dawa kudungwa sindano, lakini naomba msome kwanza.

Musawo (daktari), fibromialjia ni nini?

Ni ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, juu na chini, kulia na kushoto, yanayokaa miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu, usingizi usiokupumzisha (umelala masaa nane unaamka kama hukulala) na kusahausahau. Viungo havivimbi wala mifupa haioozi, na picha ya eksrei inatoka safi. Inashika wanawake zaidi lakini hata wanaume wanayo, tena hao ndio wanaficha.

Na depresheni?

Wengine wanaiita sonona. Ni huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, alafu usingizi unaharibika, chakula hakipiti, mtu anajiona hana maana. Kukasirika siku moja kwa sababu bwana hajaleta pesa ya posho, hiyo siyo depresheni.

Hizi mbili zinakutana wapi?

Kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Kuna kemikali kama serotonini na noradrenalini, kazi yake moja ni kushikilia moyo wa mtu usizame, na kazi ingine ni kupunguza maumivu yanayopanda kwenda kwenye ubongo. Zikivurugika unaumia pande zote mbili. Kwa mwenye fibromialjia mfumo wa maumivu umekuwa kama askari wa geti anayepiga filimbi hata paka akipita, mtoto anakushika mkono kidogo tu unasikia kama umepigwa. Sasa weka hapo usingizi mbovu: usipolala maumivu yanazidi, maumivu yakizidi hulali, usipolala moyo unazama, moyo ukizama hutoki nyumbani, husogezi mwili, na mwili usiosogea unauma zaidi. Inaweza kuanza upande wowote. Kuna wenye fibromialjia hawana depresheni kabisa, lakini inakadiriwa kama nusu yao wanaipitia wakati fulani wa maisha, ndio maana mtu akija na maumivu ya mwili mzima namuuliza pia habari ya moyo wake, asinishangae.

Kwa hiyo unasema maumivu yangu ni ya kujitungia?

Sijasema hivyo na mtu akikuambia hivyo, hata kama amevaa koti jeupe, amekosea. Maumivu ni ya kweli. Kupimwa depresheni si kuambiwa unadanganya.

Si nitibu maumivu kwanza, mawazo yataisha yenyewe?

Hapana. Hapana tena. Hili ndilo linaniumiza kuliko yote, mama anazunguka mwaka mzima na mgongo, mabega, miguu, ameuza kuku, ameuza mbuzi, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kama bado anatamani kuishi, na yeye mwenyewe hakusema kwa sababu anangoja maumivu yaishe kwanza. Hayataisha hivyo! Depresheni isipotibiwa inayafanya maumivu kuwa magumu kutibu. Vitu viwili vinatibiwa pamoja, siku ileile, kwa musawo yuleyule ikiwezekana. Usisubiri maumivu yaishe ndio useme habari ya moyo.

Lakini sindano ya pale dukani inanisaidia siku mbili tatu.

Najua inakusaidia siku mbili tatu, ndio biashara yao hiyo. Mara nyingi ni diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, saa ingine wamechanganya na deksamethasoni, dawa kali ya uvimbe ya jamii ya steroidi, bila kukuambia. Fibromialjia siyo ugonjwa wa kuvimba ndani ya viungo, kwa hiyo hizo dawa haziendi kwenye shida yenyewe. Zinachofanya ukidungwa kila wiki ni kutoboa tumbo vidonda na kuchosha figo, na deksamethasoni inapandisha sukari na presha, inalainisha mifupa, na inaweza hata kuvuruga akili, yaani mtu mwenye huzuni tayari unamuongezea. Kama umeitumia muda mrefu usiikate ghafla, njoo tukupunguzie polepole. Na wale wa sokoni wanaokupa chuma ushike mkononi alafu mashine inasoma magonjwa ishirini, achana nao.

Walinipima Widali wakasema taifodi.

Mara ya ngapi? Kile kipimo kinaweza kuonyesha hata taifodi ya zamani iliyopona, kwa hiyo kikiwa peke yake hakitoshi. Taifodi haikai mwilini miaka miwili ikiuma mabega. Ukiwa na homa, umekonda bila sababu, unatoka jasho usiku, kiungo kimevimba au miguu imeishiwa nguvu, hapo tunatafuta ugonjwa mwingine haraka. Damu, sukari, tezi ya shingo na HIV tunapima mara moja vizuri, siyo kila mwezi.

Amitriptilini si dawa ya wendawazimu?

Ni dawa ya depresheni inayosaidia pia maumivu. Kwa maumivu na usingizi tunaanza kidogo, miligramu 10 au 25 usiku. Mdomo utakauka, asubuhi utakuwa na usingizi, choo kinaweza kuwa kigumu, siku za mbele inapungua. Wengi wanaiacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi, wakati inataka wiki kadhaa. Na sikilizeni hapa: hicho kipimo kidogo kinasaidia maumivu lakini mara nyingi hakitoshi kutibu depresheni, kwa hiyo usipotuambia habari ya moyo tutakupa dawa nusu. Kuna dawa zingine kama fluoxetini, na kuna mazungumzo ya kikundi, ambayo si maneno matupu: hapa Uganda, Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha watu wa vijijini waliokutana kila wiki kwa wiki 16 depresheni yao ilipungua sana. Mwenye ugonjwa wa moyo wenyewe, huu unaodunda kifuani, mkojo unaokwama au presha ya macho, sema kabla hujameza.

Mimi nalima kila siku, mazoezi ya nini tena?

Shida si kulima, ni vile mnalima. Siku mwili umetulia unamaliza shamba lote, alafu unalala siku tatu. Gawa kazi. Tembea dakika 10 kila siku, hata siku mbaya, wiki ingine ongeza kidogo. Kwa fibromialjia mazoezi ndiyo yana ushahidi mkubwa kushinda dawa yoyote.

Saa ingine nafikiria bora nife. Nitasema maumivu yakipungua.

Sema leo! Usingoje kliniki ya mwezi ujao, usingoje maumivu. Ambia mtu wa nyumbani, ambia VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji, njoo kituo cha afya chochote hata usiku. Si lazima ufike Butabika, ile hospitali kubwa ya akili Kampala, hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, kwa sisi wa huku ni Mbale. Nyinyi mnaokaa naye: msimwache peke yake, dawa za shamba zifungiwe mbali, na vidonge vyake vyote, hata amitriptilini, vikae kwa mtu mwingine ampe cha siku, kwa sababu vikimezwa vingi vinaua. Kumuombea kanisani au msikitini ni sawa, lakini mkitoka huko mleteni.

Naweza kunywa waragi (pombe kali) kidogo nipate usingizi?

Na amitriptilini? Hapana. Na bila amitriptilini pia, usingizi wa waragi unakatika saa tisa usiku na asubuhi moyo uko chini zaidi. Kama umeshazoea kunywa kila siku tuambie, hatutakufukuza, na usiache ghafla peke yako kabla hatujaongea.