Indeksi Ipo, Hoja Ndiyo Haiigusi

“Indeksi nimeshaweka, mbona skripti bado inajikokota?” Swali hili haliishi kuletwa na watunzaji wa ramani za visima, viwanja na mikoko hapa Tanga. Ukifungua jedwali kwenye PostGIS (nyongeza ya kanzidata ya PostgreSQL ya kutunza data za ramani), indeksi ya GiST, aina inayotumika kwa maumbo, unaikuta kweli, tena nzima.

Dhana: ukishajenga indeksi, PostGIS itaitumia kwa hoja (query) yoyote.

Hapana. Indeksi inatunza visanduku vinavyozunguka kila umbo, na ni fanksheni chache tu zinazojua kuvipekua. Ukiandika `ST_Distance(geom, nukta) < 500` (`geom` ni safu ya maumbo), kanzidata inapima umbali wa kila kisima, kuanzia Mkinga hadi Pangani, ndipo ichuje. `ST_DWithin` inachambua visanduku kwanza, kisha inapima vile vichache vilivyosalia.

Halafu unakuja mtego wa vipimo, nao ndio unaokula siku za watu. Data za GPS huwa kwenye mfumo wa majira namba 4326 (WGS 84), ambako kipimo ni nyuzi (digrii). 500 hapo si mita. Ni nyuzi 500, wakati uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 hivi. Visima vyote vinarudi, hata vya Bagamoyo. Mtu akistuka, anaivika safu `ST_Transform(geom, 32737)` ndani ya hoja, yaani anaigeuza kwenda mfumo wa UTM unaopima kwa mita. Jibu linakuwa sahihi, lakini indeksi ilijengwa juu ya `geom`, si juu ya `geom` iliyogeuzwa, hivyo inaachwa kando. Tafadhali, geuza nukta, safu iache! Tengeneza safu `geom_utm` yenye 32737 (ukanda wa 37 Kusini, unaobeba Tanga na Bagamoyo), ijengee GiST yake, endesha `ANALYZE visima` ili takwimu za jedwali zisasishwe, kisha, ndani ya Python:

```
cur.execute("""
SELECT id, jina FROM visima
WHERE ST_DWithin(geom_utm,
  ST_Transform(ST_SetSRID(
    ST_MakePoint(%s, %s), 4326), 32737), 500)
""", (39.1, -5.07))
```

Kabla ya kulaumu seva, tanguliza `EXPLAIN ANALYZE`, inayoonyesha jinsi hoja inavyotekelezwa. Seq Scan (kusoma jedwali zima, rekodi moja moja) kwenye jedwali la rekodi mia mbili haina ubaya. Kwenye rekodi milioni, rudi kasome hoja yako upya.

Dhana: Python ndiyo nzito.

Kizito ni `SELECT *` ndani ya `read_postgis` ya maktaba ya GeoPandas, inayobeba jedwali zima hadi kwenye laptopu ili likachujwe huko. Chuja kwenye kanzidata, omba safu unazohitaji tu. Na kama una shule 3,000, usizungushe `for` yenye hoja 3,000: zipakie kwa COPY (amri ya kupakia data kwa wingi) kwenye jedwali la muda, uunganishe mara moja kwa `JOIN`.

Dhana: latitudo hutangulia.

Kwenye `ST_MakePoint` hutangulia longitudo. Ukizipindua, nukta ya Tanga inatua Uhispania, na hoja inarudisha orodha tupu bila kutoa kosa lolote.